Je, Wajua? Chombo kizima nacho hudondosha maji

Mashua nyingi za tanga zenye injini zina tundu chini ya maji, upande wa tezi, ambamo shafti ya rafadha hupita kwenda nje. Kwa mtindo wa zamani, tundu hilo huzibwa kwa pete za kamba ya kitani iliyoloweshwa shahamu au nta, zikabanwa na nati kubwa. Ajabu ni kwamba hazitakiwi kuzuia maji kabisa! Shafti inapozunguka, matone machache kwa dakika ndiyo huipoza na kuilainisha. Mwenye chombo asiyejua huona ngama imelowa, akakaza nati mpaka tone la mwisho likome. Muda si muda nati inachoma mkono, kamba inakauka, shafti inachimbika mifereji, na hapo hata pete mpya hazisaidii.

Fundi hukaza kidogo kidogo, akihesabu matone. Pete zikichakaa huzitoa zote, pamoja na ile ya ndani kabisa (ndiyo isahaulikayo), na maungio ya zile mpya huyapishanisha ili maji yasipate njia iliyonyooka.

Vizibo vya kisasa vya mpira havidondoshi. Lakini mpira ukichanika, maji hayaji kwa matone.