Nani Alipe Gari la Zimamoto?

Nyumba ishikapo moto wakati wa kiangazi, hakuna aulizaye gari la zimamoto lilinunuliwa kwa fedha za nani. Kila mtu hutazama barabara tu, akiomba lifike upesi. Lakini swali hilo yatupasa kuliuliza mapema, moto ungali haujawaka.

Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa Jiji la Arusha lina watu 416,442. Ile ya mwaka 2022 ilionyesha 617,631. Basi kwa miaka 10 wameongezeka watu zaidi ya 200,000. Chini ya Mlima Meru, mahali pengi palipokuwa na migomba na kahawa pamejengwa nyumba na maduka. Kila paa jipya ni mzigo mpya kwa wazima moto.

Zamani kazi hii ilikuwa mikononi mwa halmashauri za miji. Sheria ya mwaka 2007 ikaliweka Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liwe moja kwa Tanzania Bara, na mwenye shida huliita kwa simu namba 114. Wenye majengo hutozwa ada ya ukaguzi. Lakini kukagua ni jambo moja, na kununua gari jipya kwa ajili ya mji unaokua ni jambo jingine. Katika miji mingi ya Marekani, ajengaye hulipa mara moja tu fungu lake la gharama hiyo. Na tuitazame hesabu yake.

Tuseme kituo kipya pamoja na gari lake vyagharimu shilingi 1,200,000,000, navyo vyatosha kulinda nyumba 12,000. Tukigawanya, fungu la kila nyumba ni shilingi 100,000. Sasa tuseme nyumba 4,000 zimekwisha kujengwa, na 8,000 zitajengwa baadaye. Hapa wengi hukosea, wakataka wageni walipe zote. Sivyo. Fungu la nyumba za zamani, yaani shilingi 400,000,000, hapana budi litoke katika hazina ya wote, kwa sababu upungufu wao ulikuwapo kabla ya mgeni kuja.

Tena, mgeni naye hulipa kodi katika hazina hiyo. Ikiwa shilingi 15,000 za kodi yake zitaingia katika kituo hicho hicho, zipunguzwe. Abaki na 85,000. Asipopunguziwa, amelipa mara mbili kwa kitu kimoja. Na ikiwa daftari la kituo laonyesha kuwa duka kubwa huita msaada mara tatu kuliko nyumba, basi lichukue mafungu matatu, na idadi ya mafungu yote ihesabiwe upya kabla ya kugawanya.

Fedha hizo zitumike kwa kituo na gari, wala zisiliwe na mishahara. Nazo zisiwe kisingizio cha kumtoza maskini kuliko mzigo alioleta.

Lakini gari halina faida pasipo njia ya kupita wala maji ya kuzimia. Basi tujengapo, tuache njia pana kati ya viwanja. Wazee wetu walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi twaongeza: asiyehesabu leo, kesho atahesabu majivu.