Baiskeli ya Umeme Ipimwe Mlimani, si Uwanjani

Tarehe 28 Septemba mwaka 2025, wapanda baiskeli hodari wa dunia walikusanyika Kigali, mji mkuu wa Rwanda, katika siku ya mwisho ya mashindano ya ubingwa wa dunia ya mbio za barabarani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika bara la Afrika. Safari ya wanaume siku hiyo ilikuwa ya kilomita 267 na nusu, na katika kila mzunguko wa mjini walilazimika kuupanda mlima wa Kimihurura. Mlima huo ni barabara ya mawe yenye urefu wa kilomita 1.3 na mwinuko wa wastani wa asilimia 6.3. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Waliofika mwisho wa safari walikuwa 30 tu. Wengine wote waliachia njiani.

Kimihurura haikujengwa kwa ajili ya michezo. Hapo ndipo lilipo Bunge la Rwanda, na hapo ndipo yalipo Makao Makuu ya Jeshi. Makao Makuu ya Polisi yako Kacyiru, ng'ambo kidogo tu. Mlima uliowatoa jasho mabingwa wa dunia, wenye baiskeli nyepesi na magari ya vipuri nyuma yao, ni mlima wa kila siku kwa karani, kwa mwanafunzi na kwa askari anayekwenda zamu.

Mji huo umekwisha kuanza kuhamia kwenye vyombo vya umeme. Serikali ya Rwanda iliamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kwa kazi ya kubeba abiria mjini Kigali ziwe za umeme. Baiskeli ya umeme ni ndugu mdogo wa pikipiki hiyo. Kwa askari wa doria ina sifa zinazovutia: haina kelele, hupita vichochoro ambavyo gari halipiti, na humfikisha mtu kileleni akiwa bado na pumzi ya kutenda kazi. Polisi wa Seattle nchini Marekani, mji mwingine wa milima, walianza doria ya baiskeli mwaka 1987, wakati ambapo hakukuwa na mota ya kuwasaidia. Kwa hiyo ni jambo la busara kwa askari wa Afrika Mashariki kukielewa chombo hiki kabla hakijafika kwenye lango la kambi. Na swali la kwanza la askari kuhusu chombo chochote ni lile lile siku zote: je, kitategemewa?

Jibu linategemea sana sehemu moja ndogo ambayo mnunuzi haioni. Sehemu hiyo ni gia.

Baiskeli huwa na gia kwa sababu mguu wa mwanadamu una mwendo wake. Mguu hufanya kazi vizuri ukizungusha pedeli kati ya mara 60 na 90 kwa dakika. Chini ya hapo magoti huumia, na juu ya hapo pumzi hukatika. Gia huuwezesha mguu kudumu katika mwendo huo, iwe mlimani au bondeni. Zipo za aina mbili. Ya kwanza ni gia za nje, ambapo mnyororo huhamishwa kutoka meno makubwa kwenda meno madogo mbele ya macho ya mpandaji. Ya pili ni gia za ndani, zilizofichwa katika kitovu cha gurudumu la nyuma, ambacho mafundi wengi hukiita habu.

Gia za ndani si uvumbuzi wa jana. Zile za kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham, Uingereza, zilianza mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani ya kitovu mna gurudumu dogo la meno lililokazwa kwenye ekseli. Magurudumu mengine madogo hulizunguka, mfano wa sayari zinavyolizunguka jua, na nje yake kuna pete yenye meno kwa ndani. Vikucha vidogo vya chuma huamua ni kipi kishike na kipi kiachie. Katika kitovu cha gia tatu cha kampuni hiyo, kilichoanza kutolewa mwaka 1936, gia ya chini hupunguza mwendo kwa robo, ya kati huupitisha ulivyo, na ya juu huuongeza kwa theluthi. Baadaye vitovu viliongezeka ujuzi. Mwaka 1998 kampuni ya Rohloff ya Ujerumani ilitoa kitovu chenye gia 14.

Faida za mfumo huu ni za kweli na hazifai kubezwa. Meno yote yamefungiwa ndani, hivyo vumbi la kiangazi na tope la masika haviyafikii kwa urahisi. Mnyororo hukaa katika mstari mmoja ulionyooka, kwa hiyo huchakaa polepole. Mpandaji anaweza kubadilisha gia akiwa amesimama, jambo lenye manufaa kwa askari anayesimamishwa na msongamano katika njia panda. Na baiskeli ikianguka upande, hakuna mkono wa chuma unaoning'inia nje wa kupinda.

Lakini kitovu cha namna hiyo kwa muda wa karibu karne nzima kiliundwa kwa ajili ya nguvu ya miguu ya mtu mmoja. Mota ilipofika, hesabu ilibadilika.

Nguvu ya kuzungusha hupimwa kwa nyutoni-mita. Askari wa kilo 75 akisimama kwa uzito wake wote juu ya pedeli yenye mkono wa sentimita 17, hutoa kwa kitambo kidogo kiasi cha nyutoni-mita 125. Mota nyingi za siku hizi zinazofungwa katikati ya baiskeli, penye pedeli, hutoa kati ya 60 na 85, na nyingine hupita hapo. Nguvu hizo mbili zikiungana hukaribia 200, na zote hupita kwenye mnyororo mmoja kuingia katika kitovu kimoja. Tena, nguvu ya mguu hupanda na kushuka katika kila mzunguko, na meno hupata nafasi ya kupumzika. Mota haipumziki. Husukuma mfululizo kutoka chini ya mlima hadi kileleni.

Hapo kuna mtego mmoja ambao mafundi wengi huuingia kwa nia njema. Baiskeli yenye meno 38 mbele na meno 19 nyuma hupeleka katika kitovu nusu ya nguvu iliyoko penye pedeli, yaani kiasi cha nyutoni-mita 100 katika mfano uliotajwa. Mpandaji akilalamika kwamba mlima ni mkali, fundi humbadilishia meno ya nyuma na kumwekea 24. Mguu hupata nafuu mara moja. Lakini nguvu inayoingia katika kitovu sasa imepanda kufika 126, yaani imeongezeka zaidi ya robo. Kilichomsaidia mpandaji ndicho kilichokiumiza chombo, na maumivu hayo hayaonekani mpaka siku vikucha vitakapoteleza.

Hatari nyingine iko katika kubadilisha gia. Mpandaji wa baiskeli ya kawaida hujifunza bila kufundishwa kulegeza mguu kidogo anapohamisha gia. Mota haijui kulegeza isipokuwa imetengenezwa kufanya hivyo. Vikucha vinapotafuta mahali pa kushika huku mota ikiendelea kusukuma, chuma hugongana na chuma. Mlio mkavu unaosikika wakati huo haupasi kupuuzwa, maana ndio mwanzo wa kuvunjika.

Watengenezaji wenyewe wamelitambua jambo hili. Mwaka 2019 kampuni ya Shimano ya Japani ilitangaza kitovu kilichoundwa mahususi kwa baiskeli za umeme. Kampuni hiyo ilikuwa tayari inauza vitovu vya gia 8 na hata 11, lakini hiki kipya kilipewa gia 5 tu. Maana yake ni wazi: penye nguvu nyingi, meno machache yaliyo imara ni bora kuliko meno mengi yaliyo membamba.

Je, basi, gia za ndani zikataliwe? Hapana. Hukumu ya namna hiyo ingekuwa ya haraka. Mota ikifungwa katika gurudumu la mbele, nguvu yake haipiti kabisa kwenye gia, na kitovu cha nyuma hubaki na kazi yake ya zamani ya kupokea miguu ya mtu. Mpango huo nao una kasoro yake: juu ya mawe yaliyolowa mvua, gurudumu la mbele linaweza kuteleza linapojivuta kupanda. Hakuna mpango usio na gharama, na lililo muhimu ni kuijua gharama kabla ya kuilipa.

Wengi hudhani kwamba udhaifu wa baiskeli ya umeme ni betri. Hesabu ya Kimihurura inaonyesha vingine. Askari wa kilo 75, mzigo wa kilo 20 na baiskeli ya kilo 25 ni kilo 120 kwa jumla. Kupandisha uzito huo mita 82, ambao ndio urefu wa mlima ule kutoka chini hadi juu, kunahitaji kiasi cha wati-saa 27, kabla ya kuhesabu hasara ya mota na ukinzani wa mawe. Betri ya kawaida hubeba 500. Betri inaweza kuupanda mlima mara nyingi. Gia ndizo zitakazoulipia kila mpando.

Jeshi la Uswisi, nchi ya milima kama Rwanda, linatoa fundisho linalostahili kufikiriwa. Baiskeli yake ya mwaka 1905 ilikuwa nzito na haikuwa na gia za kubadilisha, lakini ilidumu katika utumishi hadi mwaka 1993. Ilidumu kwa sababu askari mwenyewe aliweza kuifungua, kuitengeneza na kuendelea na safari. Ni mwaka 2012 tu jeshi hilo lilipoingiza baiskeli yenye gia 8 ndani ya kitovu, na hiyo nayo haikuwa na mota. Jeshi lile halikuogopa mambo mapya. Lilitaka kwanza kujua nani atakitengeneza chombo kikiharibika.

Swali hilo ndilo kiini cha mambo. Gia za nje zikigoma, fundi wa kando ya barabara huona tatizo kwa macho yake, na mara nyingi hulimaliza kwa koleo na bisibisi. Kitovu kilichofungwa kikigoma, hakuna kinachoonekana. Ndani yake mna vipande vingi vidogo vinavyohitaji zana maalumu, na vipuri vyake havikai katika kila duka. Hata pancha ya gurudumu la nyuma huhitaji waya wa gia uondolewe na kurudishwa kwa kipimo chake, na waya ukirudishwa vibaya gia huanza kuteleza siku ile ile. Askari aliyefundishwa hufanya kazi hiyo bila taabu. Asiyefundishwa huharibu kitovu kizima kwa sababu ya msumari mmoja wa barabarani.

Kwa hiyo yapo mambo ambayo kikosi chochote kinachopokea baiskeli za namna hii hakina budi kuyazingatia. Jaribio lifanyike mlimani, na mpandaji abebe mzigo kamili wa kazi, kwa siku nyingi na si kwa saa moja. Baiskeli inayong'ara katika uwanja wa gwaride uliosawazishwa haijaonyesha chochote. Muuzaji aulizwe kwa maandishi kitovu chake kinaruhusu nguvu kiasi gani, na meno ya mbele na ya nyuma yasibadilishwe bila kurudia hesabu hiyo. Mpandaji afundishwe kushusha gia akiwa bado chini ya mlima, kabla mwinuko haujamshika, na kulegeza pedeli kila anapohamisha. Oili ibadilishwe kwa wakati. Kitovu cha Rohloff, kwa mfano, hutakiwa kubadilishwa oili kila kilomita 5,000 au mara moja kwa mwaka. Baiskeli isioshwe kwa mpira wa maji ya kasi, kwani maji hayo hupenya hadi ndani na kuozesha kilichofichwa.

Na ghalani kuwe na magurudumu kamili ya akiba. Waendesha pikipiki za umeme wa Kigali wamezoea kuacha betri iliyokwisha na kuchukua iliyojaa, kisha wakaendelea na safari. Gurudumu la gia za ndani lingeweza kutendewa vivyo hivyo: lililoharibika liondolewe, zima lifungwe, doria iendelee, na fundi mwenye zana alifungue lile bovu kwa utulivu katika karakana. Mpango wa namna hiyo hugharimu fedha mwanzoni, lakini ni nafuu kuliko baiskeli kumi zilizoegemezwa ukutani zikingoja kipuri kimoja kutoka ng'ambo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jeshi na polisi ufa huo una thamani ya juu zaidi, kwa kuwa nyuma ya kila chombo kuna mtu anayekitegemea, na nyuma ya mtu huyo kuna raia aliyeita msaada usiku. Raia huyo hatauliza kama gia zilikuwa za ndani au za nje. Atauliza kwa nini askari hakufika. Jibu la swali hilo hutayarishwa mapema, na wale wanaonunua chombo, wanaokipima na wanaokitunza.