Nikahi saa moja, karatasi miaka saba

Mwambao wetu haukuanza leo kuoa na kuolewa na watu wa ng'ambo. Kaskazi ilipovuma ilileta majahazi kutoka Maskati, Sur na Mukalla, na mabaharia na wafanyi biashara wakakaa Mombasa, Lamu na Malindi miezi kadhaa wakingoja kusi iwarudishe kwao. Wengi walioa, na miongoni mwao wako wasiorudi tena. Anayetaka ushahidi na azungumze na wazee wa Mji wa Kale, awaulize asili za koo zao. Atasikia Hadhramaut, Oman, Barawa, Ngazija na Bara Hindi, na wote hao leo ni wenyeji.

Mgeni wa siku zile hakuulizwa pasipoti. Aliulizwa ni mtoto wa nani, anaswali wapi na ana tabia gani. Akiridhiwa, nikahi ilisomwa, halua na kahawa zikapita, na tangu siku ile akahesabiwa mtu wa mtaa. Dhamana yake ilikuwa mkwewe.

Nikahi haikubadilika. Walii yupo, mashahidi wapo, mahari yapo, na saa haipiti kabla mambo hayajamalizika. Lakini siku hizi kuna mwulizaji mwingine ambaye hakuwako katika zama za majahazi, naye ni serikali. Huyo hatosheki na khutba wala picha za harusi. Anataka karatasi, na karatasi hizo, tangu siku ya harusi mpaka uraia, zaweza kuchukua miaka 7 au zaidi. Hapo ndipo nyumba nyingi zinapoingia taabuni, wala si kwa ubaya wa mtu, bali kwa kudhani kwamba yaliyokwisha msikitini yamekwisha kila mahali.

Funzo la Wapemba

Tusiende mbali kutafuta mfano. Wapemba walivuka bahari kuja kuvua samaki katika pwani ya Kenya, wengine kabla ya uhuru wa 1963. Wakajenga, wakaoa, wakazaa, wakazika wazee wao hapa, katika vijiji vya Kwale na Kilifi. Jirani hakuwa na shaka nao. Waliswali safu moja na wakazikana. Lakini katika daftari za serikali hawakuwamo. Mtoto alikosa cheti cha kuzaliwa, akikua akakosa kitambulisho, na asiye na kitambulisho hana akaunti ya benki, hana laini ya simu kwa jina lake, na mashua yake haina leseni. Miaka mingi ilipita hivyo, mpaka 2023 serikali ilipowatambua kuwa jamii mojawapo ya Kenya na kuanza kuwapa hati.

Tunalopata hapo ni kwamba kukubaliwa na watu ni jambo moja, na kuandikwa ni jambo jingine. Na hasara ya kutoandikwa haimwangukii baba aliyezembea. Humwangukia mtoto.

Kosa hili ni jepesi hasa kwa ndugu zetu wa karibu. Bibi wa Tanga au Pemba aliyeolewa Likoni hajioni mgeni hata kidogo. Lugha ni moja, kanga ni moja, wali wa nazi ni ule ule. Akivuka Horohoro na kuingia Lunga Lunga hugongewa muhuri wa matembezi usiozidi miezi 6, naye huona mambo ni sawa. Muhuri ule ni wa mtembezi, si wa mke. Ukiisha, hata awe na watoto watatu nyumbani, sheria humwona amekaa bila ruhusa.

Ngazi zenyewe

Msingi wa yote ni cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inazitambua ndoa za Kiislamu zilizofungishwa na kadhi, sheikh au imamu mwenye idhini ya Msajili wa Ndoa, na inataka ndoa hiyo iandikishwe na cheti kitolewe. Si kila maalimu ajuaye kusoma khutba ya nikahi anayo idhini hiyo. Nikahi yake yaweza kuwa sahihi mbele ya Mungu, lakini bibi akifika Idara ya Uhamiaji na barua yenye muhuri wa msikiti tu, atarudishwa. Basi aulizwe mapema, kabla ya biriani kutiwa motoni. Na aliyekwisha kuoa bila cheti asikate tamaa. Na aende kwa kadhi pamoja na mashahidi wake angali nao, maana mashahidi nao hufa na wengine huhama.

Ikiwa nikahi ilifungwa nchi nyingine, cheti cha huko ndicho kitakachotakiwa, na kikiwa cha Kiarabu au Kifaransa hakina budi kufasiriwa kwa Kiingereza na mtu anayekubaliwa. Aliyewahi kuoa au kuolewa kabla, aje na hati ya talaka au ya kifo. Jambo hili huonekana dogo, nalo limezuia wengi.

Ngazi ya pili ni ruhusa ya kukaa. Mgeni huingia nchini kwa idhini ya kusafiri inayoombwa kwa kompyuta, ambayo tangu Januari 2024 imechukua mahali pa viza, isipokuwa kwa nchi zilizosamehewa. Akiisha kuingia, mwenzake aliye raia humwombea pasi ya mtegemezi. Huonyeshwa pasipoti, cheti cha ndoa, kitambulisho cha Mkenya, picha na barua ya maombi. Anayekaa zaidi ya siku 90 hujiandikisha pia apate kitambulisho cha wageni. Pasi ina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo yafaa iandikwe ukutani kama zinavyoandikwa nyakati za swala.

Ngazi ya tatu huja ndoa ikitimiza miaka 3. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inamruhusu mume au mke wa raia kuomba ukaazi wa kudumu. Ya nne ni uraia wenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 15, inasema aliyekaa katika ndoa na raia kwa muda usiopungua miaka 7 ana haki ya kuandikishwa raia akiomba. Sheria hutazama kama ndoa ni ya kweli, kama wawili hao wanaishi pamoja, na kama mwombaji hakupatikana na hatia kubwa. Wale wanaooa karatasi badala ya mtu, mlango huu si wao.

Haki ya mabinti zetu

Wazee watakumbuka kwamba zamani mlango huu ulikuwa wazi kwa wanaume peke yao. Chini ya katiba ya zamani, bwana wa Mombasa akioa ng'ambo, mkewe aliweza kuandikishwa raia. Lakini binti wa Mombasa akiolewa na mgeni, mumewe hakupata haki hiyo kwa ajili ya ndoa. Zaidi ya hayo, akizaa nje ya nchi, tuseme Jeddah au Maskati, mtoto hakuwa raia wa Kenya kwa sababu ya mama yake. Ni mama wangapi waliorudi kwa wazazi wao baada ya talaka, na watoto wao wakaingia kwa muhuri wa matembezi katika nyumba ya babu yao!

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliondoa jambo hilo. Mtoto ni raia ikiwa baba au mama yake ni raia, azaliwe Kenya asizaliwe. Mume wa kigeni naye ana haki sawa na mke wa kigeni. Na mtu hapotezi uraia wake kwa kuoa, kuolewa wala kuachwa. Wako mabinti mpaka leo wasiojua haya, wakakaa kimya wakidhani sheria ni ile ile ya zamani.

Mgeni asiye na jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bahati mbaya pasi ya mtegemezi haina jembe ndani yake. Mwenye pasi hiyo hana ruhusa ya kuajiriwa wala kufungua duka mpaka apate kibali cha kazi. Mume aliyetoka Maskati au Ujerumani, aliyezoea kuondoka asubuhi na kurudi na riziki, hujikuta ameketi barazani akingoja mkewe arudi kazini. Watu wa mtaa nao humsema kuwa ni mvivu, na hawajui kwamba akishika kazi bila kibali huvunja sheria. Familia itakayolijua jambo hili mapema itamwokolea heshima yake. Akipata ukaazi wa kudumu, mlango wa kazi humfungukia.

Mwanamke mgeni ana taabu ya namna nyingine. Tuchukue bibi arusi aliyetoka Ngazija. Watu husema, huyu Mwislamu mwenzetu, Mshafii kama sisi, atazoea upesi. Hawakumbuki kwamba kwao nyumba ni ya mwanamke. Binti hujengewa na wazazi wake, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Kisha mwanamke huyo aletwe Mombasa, apewe chumba katika nyumba ya mavyaa, mawifi wamtazame jinsi anavyokuna nazi, na mumewe ashinde bandarini! Alikuwa mwenye nyumba; sasa haombi chumvi ila kwa ruhusa. Hilo si jambo la kumwambia avumilie tu.

Hapa mila yetu ina dawa, ila tumeiacha. Bibi arusi wa pwani alikuwa na kungwi, mtu mzima wa kumwongoza, kumfichia siri na kumtetea kwa wakwe. Bibi mgeni anamhitaji kungwi zaidi ya binti wa hapa, kwa kuwa hana mama wala shangazi wa kumkimbilia. Mavyaa mwenye busara humtafutia mmoja, ikiwezekana mwanamke wa nchi yake aliyetangulia kuolewa mjini, naye mwenyewe humwambia, "Mwanangu, hapa ni kwenu, na jiko hili ni letu sote." Neno hilo humwondolea mkaza mwana upweke mwingi. Na mume asisahau nauli ya kumpeleka mkewe kuwaona wazazi wake. Ahadi hiyo itolewe wakati wa posa, na itimizwe.

Eda na ofisi

Kuna jambo zito ambalo watu hawapendi kulitaja siku ya furaha. Pasi ya mtegemezi hushikamana na yule anayetegemewa. Ndoa ikivunjika, au mume akifa, msingi wa pasi hutikisika. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10 ndani ya nyumba ya mumewe. Mgeni ambaye karatasi zake hazikutengenezwa hukaa eda hiyo huku pasi ikimwishia, na ndugu za marehemu wakianza kuulizana atarudi kwao lini. Sheria ya 2011 ina kifungu kinachomkumbuka mjane ambaye mauti yalimkatizia muda wa miaka 7, lakini hata huyo atatakiwa athibitishe ndoa yake. Urithi nao, ukifika mbele ya kadhi, huanza na swali lile lile: cheti kiko wapi?

Ndiyo sababu haifai mume kufungia karatasi za mkewe katika kabati lake, na ufunguo auchukue yeye. Pasipoti ni ya mwenyewe, naye aijue mahali ilipo. Nakala ya cheti na iwekwe kwa mtu wa tatu mwaminifu.

Kwa wanaotoka

Wanaowaoza mabinti zao ng'ambo nao wana yao ya kujua. Nikahi ya simu, au ya wakala bila mume na mke kuonana, haihesabiwi na sheria ya uhamiaji ya Marekani mpaka wawili hao wakutane kimwili baada ya nikahi. Uingereza humtazama anayemleta mwenzake ana pato gani. Mwaka 2024 kiwango cha chini kilipandishwa kutoka pauni 18,600 kwa mwaka hadi pauni 29,000. Mke wa pili huko haruhusiwi kuingia kwa viza ya mke wakati wa kwanza bado yumo katika ndoa. Oman iliwataka raia wake wapate idhini kabla ya kuoa wageni, na ndoa zilizofungwa Mombasa bila idhini ziliwatia wake na watoto matatani, mpaka amri ya Sultani ya 2023 ilipolegeza sharti hilo. Hata hivyo cheti bado chatakiwa kithibitishwe.

Posa iulize

Dini yetu imetufundisha tukikopeshana tuandike na tuweke mashahidi. Ikiwa deni la fedha linastahili kalamu, mtoto wa watu aliyeacha nchi yake anastahili zaidi.

Basi mposaji akija kutoka nje, au kijana wetu akitaka kuleta mke kutoka nje, wazee wasiishie kwenye mahari na siku ya harusi. Waulize ni nani atakayefungisha ndoa, na kama ana idhini. Waulize pasi itaombwa lini, na nani ataishughulikia. Waulize hati za ndoa ya zamani, na watoto wataandikishwa wapi. Walii anayeuliza hayo hamfukuzi mchumba. Mchumba mwenye nia njema atajibu, na asiye nayo ataonekana mapema, kabla binti hajavuka bahari.