Mizani Haimtoshi Daktari Mpasuaji

Katika mwaka 2022 watu zaidi ya 1,900,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana. Ugonjwa huu ukiwa haujaenea mwilini, tiba yake kubwa ni kisu. Daktari hukata kipande kilichoharibika, kisha huziunga ncha mbili zilizobaki. Hapo pana hatari, maana mshono ukivuja, uchafu humwagika tumboni, na mgonjwa aweza kufa. Tena kuna kidonda kutunga usaha, na kuna nimonia. Basi kwa nini watu wawili wapasuliwe ugonjwa mmoja, na daktari mmoja, mmoja arudi kwake upesi na mwenziwe akae hospitali mwezi mzima?

Sababu ni nyingi, lakini iliyo moja twaidharau: mwili wa kila mmoja una nyama kiasi gani na shahamu kiasi gani.

Tumezoea kumpima mtu kwa mizani. Ile hesabu ya kugawanya kilo kwa urefu uliozidishwa kwa urefu ilitungwa katika karne ya 19 na Mbelgiji, Adolphe Quetelet, ambaye hakuwa tabibu bali bingwa wa nyota na hesabu. Chukua watu wawili, kila mmoja mita 1.70 na kilo 75. Wote watapata 26. Lakini wa kwanza ni mchukuzi wa magunia, na wa pili hukaa kitini mchana kutwa. Hesabu haiwatengi. Kinachowatenga ni picha ya skani, ambayo huuonyesha mwili kipande kipande kama mkate uliokatwa. Madaktari hukitazama kipande cha kiunoni, penye pingili ya tatu, wakapima eneo la misuli na eneo la shahamu. Wagonjwa wengi huwa wamekwisha kupigwa picha hiyo kwa kuutafuta ugonjwa wenyewe.

Misuli ni ghala. Baada ya kupasuliwa, mwili wahitaji protini ya kuponya kidonda na kupigana na vijidudu, na mgonjwa hana hamu ya kula. Kwa hiyo huchota katika misuli. Mwenye ghala tupu atachota wapi? Zaidi ya hayo, misuli ya kifua ikiwa dhaifu mtu hawezi kukohoa barabara, makohozi yakabaki mapafuni. Na shahamu nyingi inayozunguka matumbo humficha daktari anachokitafuta, kazi ikawa ndefu. Aliye na mambo yote mawili, misuli michache chini ya shahamu nyingi, ndiye wa kuhofiwa, naye kwa macho huonekana ameshiba.

Baba yangu mkubwa anangoja zamu yake ya kupasuliwa. Majirani humsifu kwamba hakukonda, nao wamemnyang'anya jembe ili apumzike. Ni wema, ila mwaka 2007 ilichapishwa habari ya wazee wazima wa Marekani waliolazwa kitandani siku 10 kwa ajili ya uchunguzi. Miguu yao ilipoteza karibu kilo nzima ya nyama. Nao hawakuwa na ugonjwa wo wote!

Siku za kungoja zaweza kutumika vizuri zaidi. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Ulaya na Kanada kwa wagonjwa 251 wa saratani hii. Nusu yao walitayarishwa kwa majuma manne: mazoezi magumu chini ya msimamizi mara tatu kwa juma, chakula chenye protini, kuacha sigara, na kutulizwa moyo. Katika kila 100 waliotayarishwa, kama 17 walipatwa na matatizo makubwa. Kwa wale wengine walikuwa kama 30. Bila shaka si kila mgonjwa awezaye kufanya mazoezi hayo, na daktari wake ndiye wa kuamua. Lakini mayai, maharagwe na dagaa vyapatikana sokoni kwetu, na kupanda kilima hakuna ada.

Hata baada ya kisu, kitanda si rafiki. Tangu miaka ya 1990, kwa kumfuata daktari Henrik Kehlet wa Denmark, hospitali nyingi humnywesha mgonjwa mapema na kumwinua kitandani, na kesho yake hutembezwa wodini akishikwa mkono.