Mtoto aione kazi kwanza

Mwanao anasema atakuwa muuguzi. Je, kazi yenyewe ameiona? Mimi nilidhani ni kuchoma sindano tu! Kumbe siku nzima ni kuuliza, kupima, kunawa mikono na kuandika daftarini.

Wanafunzi wa Umatengo walio karibu na hospitali ya Litembo, au wa ufukweni karibu na Liuli, waombe kuitembelea pamoja na mwalimu. Wa mbali watazame filamu, hata kwenye simu ya mwalimu. Akifumba macho kwa kuona damu, usimcheke. Wengi wetu tulianza hivyo.

Fanya haya kabla hajachagua masomo. Vyuo vya uuguzi vinataka aliyefaulu Baiolojia, Kemia na Fizikia. Aliyeacha Kemia hapokelewi.