Dhamana Iliyomo Ndani ya Simu

Matangazo ya mikopo ya simu husifu jambo moja kuliko yote: hakuna dhamana. Huulizwi hati ya kiwanja, kadi ya gari wala barua ya mtendaji wa mtaa. Unapakua programu, unajaza namba ya kitambulisho, na baada ya dakika chache fedha imeingia. Lakini mkopeshaji hatoi fedha mikono mitupu. Dhamana ipo, nayo huwekwa pale mwombaji asipotazama, programu inapoomba ruhusa ya kusoma namba zote alizohifadhi. Mwombaji hukodolea macho riba, kisha hapa akabonyeza tu ili yaishe.

Kusoma ujumbe wa miamala walau kuna sababu: humwonyesha mkopeshaji kipato cha mtu. Majina ya mkwe, bosi na fundi cherehani hayaonyeshi kipato cha yeyote. Kazi yake huanza siku ya kuchelewa kulipa, pale watu hao wanapotumiwa ujumbe kwamba fulani ni tapeli. Vyombo vya dola havikulichukulia jambo hili kama lawama za wadaiwa wabishi. Kanuni za Kenya za mwaka 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zilikataza kutumia namba hizo kumsumbua mdaiwa, na Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa kosa la namna hiyo. Tanzania, Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni.

Wapo watakaosema kwamba aibu ni chombo cha zamani cha kudai, na kwamba hata kikoba na SACCOS hutegemea wadhamini. Ni kweli, ila mdhamini wa SACCOS aliitwa, akaambiwa kiasi, akatia saini. Aliyemo kwenye orodha ya simu hakuulizwa chochote. Pengine aliwahi tu kukuuzia mkaa. Wala si kweli kwamba biashara hii haiwezi kwenda bila vitisho. M-Shwari ilianza Kenya Novemba 2012 ikipima wateja kwa akiba na historia yao ya M-Pesa, bila kuchimba majina ya jamaa zao. Sidai kwamba ni rahisi: ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, kabla ya ushuru, ni shilingi 750 kwa kila 10,000, na ukiizungusha mwaka mzima inafika takriban asilimia 91. Ni ghali, lakini ughali huo unamwangukia aliyekopa peke yake.

Hoja nzito zaidi ni ya mwenye mgonjwa usiku: hana muda wa kuchagua. Nakubali, na ndiyo maana sishauri mambo mengi. Benki Kuu za nchi zote mbili huweka orodha za wakopeshaji wenye leseni kwenye tovuti zao, na kuitafuta kampuni humo ni kazi ya dakika chache. Nyima ruhusa ya namba; programu ikigoma kuendelea, imeshakuambia inachotaka kushika. Tena hesabu kinachofika mkononi, si kilichoandikwa. Ukiomba 100,000, wakakata 20,000 mapema na kudai 100,000 baada ya wiki mbili, umekopa 80,000 kwa gharama ya asilimia 25.

Kwa aliyekwisha kubonyeza, kufuta programu hakurudishi majina yaliyonakiliwa. Kilichobaki ni malalamiko, kwa Kamishna wa Kulinda Data nchini Kenya au Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nchini Tanzania. Wala si lazima mdaiwa aende peke yake. Yule muuza mkaa aliyetumiwa ujumbe naye ana la kushtaki, kwa sababu namba iliyochukuliwa ni yake.