Kupata Picha ya TV Garini, Garissa na Kaskazini Mashariki

Anayelala garini wiki baada ya wiki kando ya barabara ya Garissa kuelekea Modogashe, awe fundi wa barabara au mhudumu wa kliniki ya kuhamahama, anastahili kuona taarifa ya habari jioni. Picha ikikatika, wengi hukimbilia dukani kununua busta. Mara nyingi ni hasara. Busta hukuza kila kilichoingia kwenye waya, mawimbi pamoja na vurugu zake.

Tangu Kenya izime analogi mwaka 2015, zile chenga za zamani hazipo. King'amuzi hutoa picha safi, au picha inaganda vipande vipande na kupotea kabisa. Ndiyo maana ongezeko dogo la mawimbi linaweza kuokoa kipindi kizima.

Anza na kimo. Katika ardhi tambarare kama ya Garissa, ukipandisha antena kutoka mita 2 hadi 4, nguvu ya mawimbi inaweza kukaribia mara nne. Funga bomba kwenye kona ya gari, antena ikae juu yake. Ndani ya bodi la chuma haina kazi. Kisha tazama antena za nyumba za karibu: zimeelekea wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama? Fanya vivyo hivyo. Waya uwe mfupi, wa omu 75. Picha ikisumbua bado, chomoa inverta na chaja za simu uone. Zile za bei rahisi huchafua mawimbi.

Mawimbi ya mnara yakiisha njiani, linabaki dishi. Satelaiti ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, juu ya ikweta. Garissa nayo iko karibu nyuzi 39.6 mashariki, kusini kidogo tu ya ikweta. Kwa hiyo mawimbi hushuka karibu kutoka utosini, nyuzi 86 hivi, yakitokea upande wa magharibi. Hapo ndipo wengi hukwama. Jua kali huwafanya waegeshe chini ya mgunga, na dishi likafungwa palepale, likitazama matawi. Gari libaki kivulini. Dishi lipeleke mita kumi kando, mahali pa wazi, ulikandamize kwa mawe lisitikiswe na upepo.

Kabla ya kuinua bomba, angalia juu kama kuna nyaya za umeme. Asubuhi lishushe kabla hujawasha gari.